Kuotesha okidi ndara chunguni, ndani ya nyumba

Okidi ndara, yaani Paphiopedilum, asili yake ni misitu ya Asia ya kusini na kusini-mashariki. Ua lake lina petali ya chini iliyojikunja kama ncha ya ndara. Okidi nyingi hujiwekea akiba ya maji kwenye shina nene. Hii haina shina hilo. Inategemea mizizi tu, kwa hiyo mizizi ndiyo nitakayoisemea zaidi.

1. Chagua mmea. Anza na chotara wa kundi liitwalo Maudiae, mwenye majani ya madoadoa. Anaridhika na joto la kawaida la chumbani, nyuzi 18 hadi 27. Usikubali mmea uliochimbwa porini. Jenasi yote imo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na uchimbaji umeangamiza makundi mengi.

2. Andaa chungu. Plastiki yenye matundu mengi inafaa, ndogo kiasi cha kuenea mizizi tu. Usitumie udongo. Changanya magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vidogo sehemu 4, mkaa sehemu 1 na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe) sehemu 1. Loweka magome usiku kucha, maana yakiwa makavu maji hupita bila kuingia.

3. Panda. Hapa ndipo mimea mingi huumizwa. Mizizi ya okidi ndara ni ya kahawia na ina vinyweleo hata ikiwa na afya tele. Mimi niliwahi kukata karibu yote nikidhani imekufa, na mmea ukachukua miaka miwili kurudia hali yake. Ibonyeze kwa vidole: mzima ni mgumu, uliooza unabonyea, ngozi inavuka na unabaki uzi mtupu. Kata huo tu. Kisha zamisha kitako cha mmea kama sentimita 1 ndani ya magome, kwa sababu mizizi mipya huchomoza hapo, na ikikuta hewa kavu husimama.

4. Mwagilia. Asubuhi, mpaka maji yatiririke chini, na usiache chungu kikae ndani ya maji. Maji ya mvua ni bora. Usifuate kalenda: nyanyua chungu, uzito utakwambia. Magome yawe na unyevunyevu, yasikauke kabisa. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa ncha ya karatasi laini, la sivyo moyo wa mmea utaoza.

5. Mwanga na mbolea. Dirisha la mashariki linatosha. Jani likigeuka njano, punguza jua. Mbolea iwe robo ya kipimo cha kwenye lebo, kila wiki 2, na mara moja kwa mwezi suuza kwa maji matupu ili chumvi isijilimbikize.

6. Ua. Kichomozi cha ua kikianza kupanda, usigeuzegeuze chungu, kwani ua litapinda likifuata mwanga. Mara nyingi hudumu wiki 6 hadi 8. Likinyauka, kata bua lakini majani yaache. Chipukizi lile, yaani fungu la majani lililotoa ua, halitatoa ua tena, ila bado linalisha wadogo zake.

7. Badilisha magome kila mwaka au miaka miwili, hata kama mmea unapendeza. Magome yaliyochakaa huziba hewa na mizizi hufa kimyakimya kabla majani hayajaonyesha dalili. Ukitaka kuugawa, kila kipande kibaki na machipukizi 3 au zaidi.