Ukikaa Washington, azima seneta wa shemeji yako

Naishi Washington, D.C., Kata ya 4: makao makuu ya Marekani, ila si jimbo. Kodi ya mapato ya serikali kuu nakatwa kama ndugu zangu wa jimbo la Ohio, lakini wao wana maseneta wawili na mimi sina hata mmoja. Kwenye Baraza la Wawakilishi tuna mjumbe: anachangia hoja, anapiga kura katika kamati, ila muswada ukifika kupitishwa na Baraza zima, yeye hana kura.

Kwa hiyo ukitaka Washington iwe jimbo, usihangaike kumpigia seneta wa jimbo la watu. Karani atakuuliza msimbo wa posta, akisikia ni wa Washington atakushukuru kwa adabu, basi.

Mtafute ndugu mwenye seneta. Mimi namtumia shemeji yangu wa Columbus, Ohio. Apige 202-224-3121, simu ya Bunge, aombe ofisi ya seneta wake. Ataje jina, mji na msimbo wa posta, kisha aseme: "Naomba seneta aunge mkono muswada S. 51, Washington iwe jimbo." Inatosha. Usimwandikie maelezo marefu. Shemeji yangu ukimpa karatasi anaisoma kama risala ya harusi.

Kazi kubwa ni kabla hajapiga, maana yeye mwenyewe atakubishia. Wangu alianza na "huo si mji tu?" Sensa ya 2020 ilituhesabu 689,545. Wyoming walikuwa 576,851, Vermont 643,077, na wote wana maseneta. Akisema makao makuu ni ya taifa zima, mweleze kwamba muswada unabakiza eneo dogo la serikali kuu: Ikulu, Bunge, Mahakama ya Juu.

Akigusa Katiba, hapo usijitie ujuzi. Marekebisho ya 23, ya mwaka 1961, ndiyo yaliyotupa kura tatu za wajumbe wanaomchagua rais. Tukiwa jimbo, kura hizo zitabaki kwa kieneo ambacho wakazi wake ni kama familia ya rais tu. Muswada umeweka njia ya kuharakisha kuyafuta, lakini robo tatu ya majimbo lazima yakubali. Mwambie hivyo hivyo, asije akalisikia kwa mwingine.

Na akiuliza kwa nini Seneti, si Baraza: Baraza limeshapitisha mara mbili, 2020 na 2021, mara ya pili kwa kura 216 dhidi ya 208. Zote zilikwama Seneti.

Kama anafanya kazi ya usiku, aache ujumbe wa sauti. Msimbo wa posta asiusahau.