Namna ya kulinganisha GTA, Saints Row na Mafia kwa haki

Ubishi kuhusu gemu za uhalifu za mji wazi, yaani unazozunguka mji upendavyo, huharibika mapema kwa sababu moja. Mtu huchukua GTA V (Grand Theft Auto V) ya 2013, akaiweka mbele ya Saints Row ya 2006, kisha akatangaza mshindi. Hapo amepima miaka saba ya maendeleo ya mashine, wala hajagusa kazi ya watengenezaji. Anza kwa kupanga gemu za rika moja.

Rika linalofundisha zaidi ni hili: GTA IV na Saints Row 2, zote za 2008 na zote za kizazi cha Xbox 360 na PlayStation 3, kisha Mafia II ya 2010. Ukipenda za zamani, GTA Vice City na Mafia ya kwanza zilitoka mwaka mmoja, 2002.

Kama unatumia kompyuta, rekebisha gemu kabla ya kuihukumu. Saints Row 2 iliundwa kwa kufuata prosesa ya Xbox 360 yenye kasi ya 3.2 GHz, kwa hiyo kwenye kompyuta yenye kasi tofauti mchezo mzima hukimbia au huburuta, na magari huonekana hayatulii. Modi (nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki) iitwayo Gentlemen of the Row ina kifaa cha kurekebisha kasi hiyo, iweke kwanza. GTA IV ina tatizo lake: fremu (picha za skrini) zikizidi sana 30 kwa sekunde, kwenye misheni ya mwisho Niko, mhusika unayemwendesha, hushindwa kupanda helikopta hata ukibonyeza kitufe hadi kidole kiume. Funga fremu kwenye 30 kwa misheni hiyo. Wengi waliosema gemu hizi ni mbovu walikutana na kasoro za toleo la kompyuta tu.

Sasa jaribu uendeshaji. Chukua gari la kawaida la milango minne katika kila gemu, wala usichague la mbio. Lifikishe kasi ya juu kwenye barabara iliyonyooka, funga breki, kata kona ya mraba, halafu rudia kwa breki ya mkono. GTA IV ina magari mazito: pua huinama ukishika breki, bodi hulala kwenye kona, na usipopunguza mwendo mapema utaishia ukutani. Saints Row 2 inasamehe, tena ina kitufe cha kushikilia mwendo ili ufyatue risasi huku gari likienda lenyewe. Mafia II ina mipangilio miwili ya uendeshaji, wa kawaida na wa uhalisia. Amua mmoja na usiubadilishe katikati. Toa hukumu baada ya jaribio la tatu, maana la kwanza hupima ugeni wa mkono wako.

Jaribio la polisi ndilo linaloonyesha tabia ya kila gemu waziwazi. Fanya uhalifu hadi upate nyota mbili za kusakwa, kisha hesabu muda wa kuponyoka. Katika GTA IV duara huchorwa kwenye ramani ndogo. Utoke nje yake bila kuonekana, na askari akikuona duara huhamia ulipo. Saints Row 2 ina vipimo viwili vya kusakwa, cha polisi na cha magenge, nawe unaweza kupita na gari kwenye kituo cha Forgive and Forget, ukalipa, ukasafishwa. Mafia II imefikiri zaidi kuliko zote: polisi humtafuta mtu na gari kando kando. Badilisha nguo ili sura yako isahaulike, badilisha namba za gari ili gari lisahaulike. Ukifanya moja tu, bado unasakwa kwa lile la pili. Kwa maoni yetu huu ni mfumo bora wa polisi wa kizazi kile, na hausifiwi inavyostahili.

Kisha feli misheni makusudi, karibu na mwisho wake. GTA IV hukurudisha mwanzo kabisa, na katika misheni ndefu ya wizi wa benki hilo linauma. Saints Row 2 ina vituo vya katikati, unaanzia hapo ukifeli. Andika ulipoteza dakika ngapi.

Mwisho, kaa saa moja bila kugusa hadithi. Hapa watu wengi huionea Saints Row 2 bila kujua. Misheni zake hufunguliwa kwa alama ziitwazo heshima, na heshima hupatikana kwa kazi za pembeni kama ulaghai wa bima. Anayekimbiza hadithi peke yake hukwama, akasema gemu haiendi. Cheza kila kazi hadi ngazi ya 3, upate zawadi ya kwanza. Ya pili iko ngazi ya 6. Hadithi yote pia inachezeka na watu wawili, ila kila mmoja awe na mashine yake, kwa sababu skrini haigawanyiki. Mafia II usiidai burudani ya mtaani. Mji wake wa Empire Bay umejengwa kubeba hadithi: theluji ya 1945, kisha 1951 yenye magari mapya na redio yenye nyimbo nyingine. Ukiipa alama ya chini kwa kukosa michezo ya pembeni, utakuwa umeipima kwa kitu ambacho haikukiahidi.

Angalia pia matoleo yaliyofanywa upya. Mafia ya 2020 ilijengwa upya kuanzia chini, hata mbio za magari zilizowatoa watu jasho 2002 sasa zina ngazi za ugumu. Mkusanyiko wa GTA wa 2021 ulibakiza misheni zilezile ukabadilisha sura. Kwa hiyo kwenye jedwali unaloandikia matokeo yako, mbele ya jina la kila gemu andika mwaka wa toleo ulilocheza na mashine uliyotumia.