Projekta ya ex-UK: jinsi ya kuikagua kabla ya kutoa pesa

Ukiulizia projekta ya mtumba kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, utaambiwa mambo matatu kabla hujavuta kiti: ni ex-UK (imetumika Uingereza), ni Full HD (picha ya vidoti 1920×1080), na taa yake ina saa chache. La kwanza huenda ni kweli. Hayo mengine yapime mwenyewe, na kipimo ni picha inayotua ukutani.

Kwenye Full HD, muuzaji huwa hasemi uongo mtupu. Projekta hupokea picha ya 1920×1080 kutoka kwa laptopu, kisha huibana iingie kwenye paneli yake, yaani kioo cha ndani kinachounda picha, ya 1024×768 au hata 800×600. Nyingi za mtumba zilitoka maofisini na madarasani, na umbo la picha yake ni 4:3. Filamu ya 16:9 kwenye paneli ya 1024×768 hutumia mistari 576 tu. Robo ya paneli hukaa bure. Soma nambari ya modeli kwenye kibandiko cha chini na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa sinema ya nyumbani usishuke chini ya 1280×800.

Nenda na laptopu, waya wako wa HDMI, na picha saba ulizochora za 1920×1080: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu, nyekundu, kijani, bluu, na ya saba yenye vidoti vyeusi na vyeupe vinavyopishana kimoja kimoja kama ubao wa drafti. Hiyo ya saba ndiyo hakimu wa Full HD. Rudisha marekebisho ya pembe kwenye sifuri, kisha itazame kwa karibu: paneli halisi ya 1920×1080 inaonyesha kila kidoti, iliyobanwa inatoa mawimbi na mabaka ya kijivu.

Omba kupimia stoo au kona yenye giza. Kwenye mwanga wa duka, picha nyeusi haikuambii lolote.

Kwa projekta za LCD (zinazopitisha mwanga kwenye paneli tatu za kioo), ambazo ndizo nyingi, anza na nyeupe. Baka la manjano, mara nyingi kwenye kona au katikati, maana yake njia ya bluu imeungua kwa joto. Leta picha ya bluu na utaona hapo hapo pamefifia. Hilo halifutiki kwa kitambaa wala kwa marekebisho ya rangi, na kubadilisha sehemu hiyo kwa kawaida hakulipi. Iache mezani. Kisha nyeusi: kiduara laini chenye rangi, kama tone la maji lililoanguka kwenye karatasi, ni vumbi lililokaa juu ya paneli. Fundi mzuri analiondoa, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kushusha bei tu. Tazama lakini lilipokaa, kwa sababu la katikati litakusumbua kila tukio la usiku.

Za DLP (zinazounda picha kwa chipu yenye vioo vidogo) hazina ugonjwa huo, zina wao. Nukta nyeupe kwenye picha nyeusi, kama nyota, ni vioo vidogo vilivyokwama ndani ya chipu. Zikianza mbili tatu, huendelea kuongezeka. Sikiliza pia inapowaka: mlio mkali unaopanda kama wa msumeno ni beringi iliyochoka ya gurudumu la rangi, kisahani cha rangi kinachozunguka ndani.

Saa za taa kwenye menyu zisikutulize. Kuzirudisha sifuri ni kazi ya kubonyeza vitufe viwili, kwa kuwa mtengenezaji ameweka njia hiyo kwa anayebadilisha taa. Zima projekta, chomoa waya, ipoe saa nzima, kisha fungua kifuniko na uitoe taa kwa mshikio wake bila kugusa kioo. Kibonge kidogo cha katikati kinatakiwa kiwe angavu. Kikiwa na ukungu mweupe, weusi au uvimbe, taa iko ukingoni, na taa hizi huweza kupasuka. Zina zebaki, kwa hiyo ikipasuka fungua madirisha na utoke chumbani. Muuzaji akikataa taa isitolewe, hesabu kwamba unanunua projekta isiyo na taa: uliza kwanza bei ya taa mpya ya modeli hiyo, kisha uitoe kwenye bei anayotaka.

Kisha iache iwake dakika 30 mfululizo. Taa inayopepesa, au projekta inayojizima yenyewe, haiendi nyumbani.

Hapa Nairobi kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa hii nyepesi haibebi joto vizuri. Watengenezaji wengi, Epson na BenQ wakiwemo, huweka hali ya mwinuko (High Altitude Mode), inayozungusha feni kwa kasi zaidi, kwa matumizi ya kuanzia mita 1,500. Kwenye Epson nyingi iko katika menyu ya mipangilio ya ziada, sehemu ya uendeshaji. Iwashe siku ya kwanza. Feni itapiga kelele zaidi, ndiyo, lakini taa na paneli zitadumu. Fanya majaribio yako ya nusu saa ikiwa imewashwa, ili usije ukashtukia kelele hizo sebuleni.

Stima nayo. Soma kibandiko kiwe na 100–240V. Iliyoandikwa 100V pekee itaungua kwenye soketi zetu. Taa huhitaji feni iendelee kuipoza baada ya kuzimwa, na stima ikipotea ghafla joto hubaki ndani. UPS (betri ya akiba) ya 650 VA inatosha projekta ya wati 280 kwa dakika chache za kuizima kwa utaratibu.

Pima chumba kabla ya kununua. Skrini ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) inahitaji mita 3.3 kutoka kwenye lenzi, na bedsitta nyingi hazina nafasi hiyo. Mwanga usikutie wasiwasi: chumba kikiwa giza, lumeni (kipimo cha mwanga) 500 za kweli zinatosha ukubwa huo.

Ukikutana na dude la kale la CRT (la mirija ya picha kama ya TV za zamani), lenye lenzi tatu mbele, chungulia kila mrija ukiwa umezimwa. Alama ya picha iliyochomeka kwenye kioo haitoki. Weusi wake unapita LCD yoyote ya ofisini, ila linaweza kuzidi kilo 50, kulinganisha rangi zake tatu ni kazi ya saa kadhaa, na ndani kuna volti elfu nyingi. Usilifungue mwenyewe.

Lipa kwa till ya duka, si namba ya mtu, na risiti iandikwe serial namba ya mashine pamoja na siku za kurudisha. Subiri feni isimame kabisa kabla ya kuifunga, halafu uipakate mapajani kwenye matatu. Taa yenye moto haipendi matuta.