Kuendesha lori la mizigo msimu wa mvua katika barabara za Lindi na Mtwara

Mvua za msimu katika mikoa ya Lindi na Mtwara huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hadi Aprili na pengine kuingia Mei. Huo ndio wakati ambao korosho bado zinatolewa katika maghala ya vyama vya ushirika kupelekwa bandarini, saruji inasambazwa wilayani, na makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanateremshwa kuja Mtwara kupitia Tunduru na Masasi. Dereva wa lori hawezi kuegesha gari miezi mitano akingoja ardhi ikauke. Anachoweza kufanya ni kuipanga safari ya masika tofauti na ya kiangazi, na mpango huo hauanzii kwenye usukani bali kwenye mazungumzo yake na mwenye gari kuhusu muda na fedha.

Patana na mwenye gari kabla ya kupakia

Madereva wengi hulipwa posho kwa tripu. Malipo ya namna hiyo hayana ubaya mkubwa wakati wa kiangazi, lakini mvua ikianza humfanya dereva apate hasara kila anaposimama. Siku mbili za kungoja maji yapungue ni siku mbili za kula kwa fedha ya mfukoni, na utingo naye anakutazama wewe. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu huingiza lori kwenye maji ambayo, angekuwa nyumbani kwake, asingethubutu kuyavuka kwa miguu. Nashauri mambo matatu yasemwe waziwazi kabla gari halijasogea ghalani, na yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu ili yasije yakabishaniwa baadaye: posho ya kila siku ambayo gari litasimama kwa sababu ya mvua, dizeli ya kuzunguka iwapo njia kuu itafungwa, na kwamba uamuzi wa kusimama ni wa dereva aliyeko barabarani, si wa mtu aliyeko ofisini.

Suala la dizeli si la kufikirika. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Barabara hii ya pwani haina njia mbadala ya karibu. Anayetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Lindi na daraja la Mkapa husafiri takriban kilomita 560. Akilazimika kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea, Makambako na Morogoro, safari inakaribia kilomita 1,600. Lori lenye mzigo linalokwenda kilomita 2 hadi 2.5 kwa lita litahitaji zaidi ya lita 400 za ziada, mbali na tairi na siku zitakazoliwa. Mwenye gari aliyeipiga hesabu hiyo mapema haoni uzito kulipa posho ya siku mbili za kusubiri Nangurukuru wilayani Kilwa, na hapigi simu kila nusu saa kuuliza gari limefika wapi.

Kuhusu ajira yenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Najua wapo madereva watakaocheka wakisoma hivyo. Hata hivyo, aliye na mkataba na ambaye mwajiri wake anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi anapo mahali pa kudai akiumia safarini, ilhali anayeendesha kwa deiwaka atahangaika kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi wa mtu.

Gari lenyewe

Anza na tairi. Kazi ya kashata za tairi ni kusukuma maji pembeni ili mpira uishike lami. Kina chake kikishuka chini ya milimita 3 uwezo huo hupungua sana, hata kama tairi bado halijawa kipara machoni pa trafiki. Iko tabia ya kuhamishia tairi zilizochoka kwenye tela kwa hoja kwamba tela linavutwa tu. Hoja hiyo haina msingi, kwa sababu tela lisiloshika barabara ndilo linaloteleza likaja ubavuni mwako unapokanyaga breki.

Breki za upepo zina adui wao msimu huu, nao ni unyevu. Kompresa huvuta hewa yenye mvuke, mvuke ukageuka maji ndani ya matangi, na maji hayo yakizidi hupunguza nafasi ya upepo na kuozesha vali. Kila asubuhi fungua koki zilizo chini ya matangi ya upepo. Mwanzoni yatatoka maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa yamechanganyika na mafuta ya kompresa, kisha utatoka upepo mtupu, hapo funga. Yakitoka mengi kila siku, au mafuta yakizidi maji, gari lipelekwe kwa fundi kabla ya kupakia. Baada ya hapo jaza upepo, zima injini, kanyaga breki na kuishikilia huku ukitazama geji: mshale ukiendelea kushuka, pana sehemu inavuja, na utingo akizunguka gari ataisikia.

Waipa na taa hazihitaji maelezo marefu, isipokuwa jambo moja ambalo husahaulika: tope la barabara hufunika taa za nyuma na viakisi vya tela kiasi kwamba gari lenye taa nzima huonekana halina taa kabisa. Utingo awe na kitambaa na dumu la maji, na azifute kila mnaposimama.

Turubai ndilo linalotaka subira. Korosho ghafi husafirishwa kwenye magunia ya takriban kilo 80, na unyevu wake hautakiwi kuzidi kama asilimia 10. Saruji ikilowa haina cha kuokoa. Mchana wenye jua, litandaze turubai juu ya bodi tupu, utingo aingie chini yake na kutazama juu: kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga, na kila nukta izibwe siku hiyo hiyo. Wakati wa kupakia, safu ya katikati ya magunia iwe juu kidogo kuliko za pembeni ili turubai lipate mgongo na maji yatiririke badala ya kutuama. Yakiunganishwa maturubai mawili, la mbele lilalie juu ya la nyuma, kwa kuwa ukilifanya kinyume upepo wa mwendo utasukuma maji yaingie kwenye maungio. Mzigo hujipanga upya gari likianza kutikisika, kwa hiyo kamba iliyokuwa imekaza ghalani itakuwa imelegea baada ya kilomita kama 50. Simama na uikaze tena, hata kama mvua inanyesha.

Mizani nayo inaguswa na mvua. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweka uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo kuwa tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Makaa ya mawe yasiyofunikwa hunyonya maji njiani, na gari lililopakiwa hadi ukingoni mwa kikomo huko Mbinga linaweza kufika mizani ya mbele likiwa limezidi bila mtu kuongeza hata koleo moja. Funika, na pakia pungufu kidogo.

Ukiwa barabarani

Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka. Ngazi zake ni tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ikitolewa ya tatu kwa ukanda wa pwani ya kusini, safari ya kuelekea Kilwa iahirishwe bila majadiliano.

Mvua ya kwanza baada ya ukame huwa na utelezi kuliko zinazofuata, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami huchanganyika na maji kabla hayajasombwa. Sheria inaruhusu gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, lakini hicho ni kikomo cha barabara kavu kwa mtu mwenye busara. Kwa mwendo huo gari hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki amekwisha kula mita 33 kabla breki hazijafanya lolote. Punguza hadi 50 au 60, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele maradufu, na punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kuwa mwangalifu zaidi gari likiwa tupu, kwa maana tela tupu ni jepesi, magurudumu yake hufunga haraka, na upepo wa mvua hulisukuma.

Usiku wa mvua tumia taa za chini, kwa sababu taa kubwa humulika matone na kukurudishia mwanga machoni. Usiwashe hazadi ukiwa kwenye mwendo. Aliye nyuma hatajua kama umesimama wala unapogeuka. Vilevile ule ukarimu wetu wa kumwashia mwenzako indiketa ya kushoto apite uachwe mpaka mvua iishe. Wewe mwenyewe huoni vizuri kilichoko mbele, sasa utamthibitishiaje mwenye basi kwamba njia ni nyeupe?

Mteremko wa kutoka uwanda wa Makonde, kwa mfano unaposhuka Newala kuelekea Masasi, ushukwe kwa gia ndogo iliyoingizwa ukiwa bado juu. Kutia fri, yaani kutoa gia gari lijiendee lenyewe, ili kuokoa dizeli ni kamari wakati wowote, na wakati wa mvua ni zaidi ya kamari. Breki ya egzosi, ile inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo, inasaidia, lakini iachie pale lami inapoteleza na gari ni tupu, kwa kuwa inaweza kuyafunga magurudumu yanayovuta peke yake. Kwenye barabara za udongo za kuingilia vijijini, kama zilivyo nyingi Liwale na Tandahimba, fuata katikati ambako udongo umeshindiliwa; ukingo unaoonekana mgumu ndio unaomeza magurudumu ya kushoto. Udongo mweusi wa mabondeni ukishalowa hauna ujanja, na dereva mzoefu huegesha juu penye mawe akangoja jua la siku moja.

Maji yakipita juu ya barabara

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuliyumbisha gari dogo, na ya sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi ya kawaida. Lori ni zito zaidi, na hapo ndipo dereva anapojidanganya, kwani hatari kubwa kwake si kuelea bali ni kwamba chini ya maji hayo huenda hamna barabara. Maji huchimba udongo kuzunguka kalavati, lami ikabaki imening'inia kama kaukau, na tani 50 zikiikanyaga inakatika. Tazama dalili hizi kabla ya kufikiria kuvuka: nguzo za pembeni zilizoinama, maji yanayozunguka au kutoa povu sehemu moja ya ukingo, ufa wa lami unaofuata urefu wa barabara, na maji ya upande wa juu kuwa yamepanda sana kuliko ya upande wa chini. Ikionekana hata moja, simama kwenye mwinuko na upige simu: "Bosi, maji yamepita juu ya kalavati, nimesimama hapa na wenzangu, nitakujulisha kesho asubuhi." Hakuna haja ya kuomba radhi.

Kumtuma utingo atangulie na fimbo ndani ya maji yanayokwenda ni desturi mbaya inayopaswa kukoma. Yakishapungua na TANROADS (Wakala wa Barabara) au polisi wakaruhusu magari kupita, vuka kwa gia ndogo na mwendo usiobadilika, gari moja baada ya jingine, bila kubadili gia katikati. Ukifika ng'ambo, kanyaga breki kwa wepesi mara kadhaa ukiwa kwenye mwendo mdogo ili zikauke, kwa sababu breki zilizolowa hazikamati.

Likiharibika au mkilala njiani

Toa gari nje ya lami kadiri ardhi inavyobeba, kisha weka pembetatu mbali kuliko ulivyozoea, kwani anayekuja ataiona akiwa amechelewa. Matawi ya miti yanasaidia, ila mawe yanayowekwa kuzuia magurudumu na kuachwa katikati ya barabara gari linapoondoka huua watu wasiokujua. Utingo ayaondoe kabla hujawasha injini. Laleni kwa zamu mahali penye malori mengine, na chakula kikavu na maji ya kunywa ya siku mbili yawepo kwenye kabini tangu siku ya kupakia.

Mkifika, piga picha turubai likiwa bado limefungwa, mlifungue mbele ya mpokeaji, na gunia lolote lililolowa liandikwe kwenye hati ya mzigo kwa idadi kabla ya pande zote kusaini. Kisha tandaza turubai likauke kabisa kabla ya kulikunja, kwa kuwa likikunjwa bichi huoza mikunjoni na matundu mapya yatakuwa hapo hapo.