Kuosha na Kutunza Wigi la Nywele Halisi kwenye Joto la Kisumu

Nywele zilizo kichwani mwako hupata mafuta kutoka kwenye ngozi. Wigi halina ngozi, kwa hiyo kila tone la unyevu ni lazima ulitie wewe. Ongeza jasho la Kisumu, vumbi la Kondele na helmeti ya boda, na wigi zuri linageuka kuwa manyasi kabla hujamaliza kulilipa. Hivi ndivyo ninavyowafanyia wateja wangu saluni, na mengi unaweza kuyafanya nyumbani ukiwa na beseni.

Hatua ya 1: Jua unachokiosha

Chomoa unywele mmoja mbele, mmoja katikati na mmoja kisogoni. Ushike kwa kibanio, mbali na wigi lenyewe, kisha uuwashe kwa kiberiti. Nywele za binadamu zinanuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, halafu zinakuwa jivu linalosagika vidoleni. Za plastiki zinayeyuka na kuacha kitone kigumu. Napima sehemu tatu kwa sababu wauzaji wengine huchanganya: mbele halisi, nyuma plastiki. Ukikuta mchanganyiko, sahau habari ya pasi ya nywele.

Hatua ya 2: Fumua likiwa kavu

Hapa ndipo mawigi mengi yanapoharibikia, hata kabla ya kuguswa na maji. Nywele zilizofungana zikilowa zinakazana zaidi, na ukizivuta zinakatika au zinang'oka kwenye lesi, kile kitambaa chembamba cha wavu kinachoshika nywele za wigi.

Ligeuze uangalie kisogoni. Kwa mtu anayepanda boda asubuhi na jioni, utakuta bonge pale ukingo wa helmeti unapokutana na kola ya shati: nywele fupi zimejisokota, zimeshika vumbi na chumvi ya jasho, ukizigusa zinakwaruza. Usichukue kitana. Nyunyizia bonge lenyewe tu, bila kulilowesha, maji kidogo yaliyochanganywa na kondishona, ligawe bonge kwa vidole, kisha shika nywele juu yake kwa mkono mmoja ili mvuto usifike kwenye lesi. Chukua shanuo la meno mapana uanze nchani. Sehemu hiyo ikifunguka, panda juu kidogo. Anayeanzia juu anashusha mafundo yote yakutane chini, na hapo mkasi ndio utakaomaliza kazi.

Hatua ya 3: Osha

Ikiwa unatumia gundi, itoe kwanza kwa pamba yenye spiriti, ukipaka ukingoni mwa lesi na kusubiri ilegee yenyewe. Kuikwangua kwa kucha ni kuchana lesi.

Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, changanya shampuu isiyo na salfeti, zamisha wigi na upitishe vidole kutoka juu kwenda chini tu. Kila unywele una magamba madogo sana yanayoelekea nchani. Ukifikicha kama unafua soksi, yanainuka na kushikana. Ndiyo sababu nywele ambazo magamba yake yamepangwa upande mmoja, zile zinazouzwa kwa jina la remi, hazifungani ovyo. Ndani ya kofia ya wigi, pale jasho na foundesheni vimeganda, tumia mswaki laini.

Angalia na maji. Kama unateka kisimani na shampuu inakataa kutoa povu, maji hayo ni magumu, na madini yake hubaki kwenye nywele zikawa nzito, zisizong'aa. Suuza mara ya mwisho kwa lita 1 ya maji iliyotiwa kijiko kikubwa kimoja cha siki nyeupe, au tumia maji ya mvua. Msimu wa mvua za masika mimi hukinga mtungi mzima kwa kazi hii.

Mara ngapi? Ukilivaa kila siku kwenye joto hili, kila baada ya wiki moja au mbili. Zaidi ya hapo unalikausha bure.

Hatua ya 4: Kondishona, lakini si kwenye lesi

Kila unywele wa mbele umefungwa kwa mkono kwenye lesi kwa fundo dogo sana. Kondishona na mafuta hulegeza fundo hilo, na wigi linaanza kunyonyoka. Paka kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, acha dakika 5 hadi 10, suuza kwa maji baridi.

Hatua ya 5: Kausha

Likandamize ndani ya taulo. Usikamue. Liweke kwenye stendi kivulini, penye upepo. Jua la saa saba linafifisha rangi. Usilivae wala kulifungia hadi kofia ya ndani ikauke kabisa, maana unyevu wa huku ziwani huzaa ukungu na harufu ambayo manukato hayaifichi.

Hatua ya 6: Pasi

Paka dawa ya kukinga joto kwanza, nywele zikiwa kavu. Usizidishe nyuzi 180 za Selsiasi. Kwa zilizopaushwa au kutiwa rangi, 150 zinatosha. Pitisha mara moja, polepole. Kwa maoni yangu, pasi ya kila asubuhi ni uharibifu: zifunge kwa rola usiku, amka uvae.

Kati ya mwosho na mwosho

Ukipanda boda, kusanya nywele chini kwa msuko mmoja mlegevu, funga skafu ya satini, halafu ndipo uvae helmeti. Ukikaanga samaki, vua wigi. Mvuke wa mafuta hunasa humo, na kesho yake ofisini watajua ulikula ngege. Usilale nalo. Lihifadhi kwenye mfuko wa satini. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu.

Tundu dogo kwenye lesi lishone siku hiyo hiyo kwa uzi mwembamba wa nailoni wenye rangi ya lesi, bila kuvuta sana. Likichanika mbele kwa zaidi ya upana wa kidole, mpelekee fundi wa mawigi, na ulipeleke likiwa limeoshwa. Hakuna anayependa kushona jasho la mtu.