Kupima saratani ya shingo ya kizazi ukiwa Pemba: shikilia karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa

Ukifika miaka 30, nenda kapime hata kama huumwi na chochote. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Chagua siku ambayo huna hedhi, na siku mbili kabla usijisafishe ndani. Chukua kitambulisho cha Mzanzibari na kadi ya kliniki kama uko kwenye dawa za presha au sukari. Faili liandikwe majina yako yote matatu, maana kina Fatma Ali kisiwani ni wengi.

Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja, anamulika. Pakiwa na weupe, huenda pana mabadiliko, na yakiwa madogo mara nyingi huchomwa au kugandishwa siku hiyo hiyo. Ukiwa umeshakoma hedhi, siki haioneshi vizuri kwa sababu sehemu inayotazamwa imerudi ndani. Uliza kama kipo kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii.

Wakitaka kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha shingo ya kizazi cha kupimwa maabara, hapo ndipo uwe macho. Kwanza waambie kama unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Halafu, kabla hujatoka chumbani, tazama mwenyewe lebo ya kichupa: majina matatu, umri, namba ya faili, tarehe. Mimi niliambiwa nitapigiwa simu, na simu haikuja. Nilipofuatilia nikakuta kichupa kiko maabara hakina namba ya faili, hakuna anayejua ni cha nani, ikabidi nikatwe upya. Mwanamke mwenye ugonjwa unaokua hastahili kupotezewa muda namna ile. Uliza kinyama kinapelekwa maabara gani, andika namba ya sampuli nyuma ya kadi, na uombe simu ya mtu wa kumuulizia. Siku waliyokutajia ikipita, usingoje, piga.

Majibu yachukue kwa maandishi, yenye saini na muhuri. Yakiwa ni saratani na ukahitaji mionzi, rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, iambatane na karatasi hiyo. Bila yake daktari wa kule hana pa kuanzia, na kuifuata tena Pemba ni nauli nyingine ya boti. Toa nakala, ipige picha kwa simu, ya asili ibaki mkononi mwako. Kama gharama zinakushinda, onana na ustawi wa jamii hospitalini kabla hujasafiri.

Ukiambiwa uko salama, hakikisha kadi ina tarehe ya kurudi. Kwa kipimo cha siki ni baada ya miaka 3. Na mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 aulize hapo hapo chanjo ya HPV, ambayo sasa ni dozi moja tu.