Kulea Watoto Katika Familia Iliyoshikamana: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtwara na Lindi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, mwaka wa familia nyingi hufuata mwaka wa mkorosho: palizi, kupulizia salfa, kuokota, kusubiri mnada na hatimaye malipo. Mzazi anayetaka watoto wake wakue wakijua kwamba wazazi wapo kwa ajili yao hana budi kuyapanga malezi yake kwa kufuata kalenda hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni lini mko nyumbani, ni lini mna fedha na ni lini mmechoka kiasi cha kutotaka kuulizwa jambo.

Jambo la kwanza ni kuiweka kalenda ya shamba mbele ya kalenda ya shule, nanyi mtaona mara moja zinapogongana. Mtihani wa kumaliza darasa la saba kwa kawaida hufanyika Septemba, upimaji wa darasa la nne huja Oktoba, na kidato cha nne huingia kwenye mtihani wa taifa Novemba, wakati uleule korosho zinapodondoka kwa wingi na kila mkono unahitajika shambani. Kwa hiyo amueni mapema, ikiwezekana mwezi Agosti, ni nani atakayeokota siku za shule, na kama itabidi kumtafuta kibarua, gharama yake ihesabiwe tangu hapo. Mwambieni mtahiniwa wenu uamuzi huo waziwazi: "Mwanangu, msimu huu kazi yako ni mtihani, shamba tumeshalipangia watu." Kijana aliyesikia maneno hayo kutoka kwa baba na mama kwa pamoja husoma akiwa na utulivu ambao hauwezi kununuliwa. Siwaambii mumfukuze mtoto shambani. Jumamosi ya kuketi chini ya mkorosho, mkitenganisha korosho na mabibo, mama akichambua zilizokauka na mdogo akibeba ndoo, ni mahali pazuri mno pa kuzungumza, kwa sababu mtoto husema mengi zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yenu yakiwa hayamkodolei.

Fedha za korosho zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko jambo lolote nitakalolitaja hapa, kwa maana nyumba nyingi hutengana siku zinapoingia, si siku zinapokosekana. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikauzwa mnadani, naye akalipwa kupitia akaunti ya benki. Maana yake ni kwamba kiasi kikubwa huingia kwa mkupuo, mara nyingi kwa jina la baba peke yake. Baba yangu, mkulima wa Newala, alikuwa akitandika mkeka jioni ya malipo, akamwomba mama alete kauntabuku, kisha akasoma kwa sauti kilo zilizopimwa, bei ya mnada, makato na kilichobaki, sisi watoto tukiwa tumekaa tukisikiliza. Baada ya hapo kila mmoja alitaja hitaji lake: sare, viatu, taa ya kusomea. Lililowezekana liliandikwa, na lisilowezekana lilielezwa sababu. Nawasihi mfanye hivyohivyo. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na nauli vimebaki mikononi mwa mzazi, na mtoto anayejua hesabu ya nyumba yao hawezi kudhani kwamba amenyimwa kwa kutopendwa. Kwa sababu hiyohiyo, epukeni kangomba, yaani kuwauzia walanguzi korosho nje ya mfumo huo. Familia iliyouza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla ya msimu huingia Januari ikiwa na madeni na maneno makali, na watoto ndio wanaoyasikia usiku.

Kuhusu mazungumzo ya kila siku sina mengi ya kusema, ila kwamba swali liwe dogo na lenye shabaha. "Shule ilikuwaje?" hujibiwa "nzuri" na mambo yakaishia hapo. "Leo kwenye hisabati umekwama wapi?" hufungua mlango, hata kwa mzazi asiyejua hisabati yenyewe, kwani anachotoa ni masikio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, na mahali pa kwanza pa kuitekeleza ni barazani kwenu.

Liko jambo letu la kusini ambalo miongozo mingi ya malezi huliruka. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli. Baba akimwona mjomba kuwa mshindani, mtoto hujifunza kupeleka siri upande mmoja na kuuficha mwingine. Mshirikisheni mjomba mapema: apelekewe ripoti ya shule, aulizwe, aombwe kuzungumza na mpwa wake pale maneno ya wazazi yanapokwama.

Na linapofika suala la jando na unyago, ambapo mjomba, bibi na makungwi huwa na sauti kubwa, wazazi wasikabidhi kila kitu wakakaa pembeni. Pangeni sherehe iwe ndani ya likizo, ili mtoto asikose hata siku moja ya masomo. Mama aonane na kungwi kabla, wakubaliane ni mafundisho gani yanaufaa umri wa binti: usafi wa hedhi, heshima, kujitunza na kukataa kushawishiwa yanafaa; mambo ya ndoa yasubiri ndoa. Binti akitoka, asipokelewe kama mgeni aliyekwishakuwa mtu mzima. Mama amketishe amwambie, "Yale uliyofundishwa ukiyatafakari ukapata swali, njoo kwangu, hata liwe la aibu." Baba naye amwambie wazi kwamba bado ni mwanafunzi na bado ni mtoto wa nyumba ile.

Ikiwa sekondari iko mbali na kijana anapanga chumba karibu na shule, ukaribu wa familia hujaribiwa vikali. Bora hosteli, ikiwepo. Isipokuwepo, mfahamuni mwenye nyumba kwa sura, mtembeleeni kijana bila taarifa mkiwa na unga na mbaazi, na mzungumze na mwalimu wa darasa siku hiyohiyo. Simu peke yake haitoshi.

Mwisho, msitumie fedha zote za msimu kabla ya Januari, mwezi ambao kwa kawaida matokeo ya kidato cha nne hutangazwa. Tengeni sehemu, na mwambieni kijana mapema kwamba imetengwa kwa ajili ya hatua yake inayofuata, vyovyote matokeo yatakavyokuwa: maandalizi ya kidato cha tano, kurudia mtihani, au kujifunza ufundi katika chuo cha VETA, ambacho kipo Mtwara na kipo Lindi. Siku ya matokeo someni pamoja naye, mkiwa nyumbani, kabla jirani hajaanza kuuliza.